Nani Mwenyeji, na Nani Amhesabu?



Tangu utoto tumefundishwa shuleni ya kuwa Kenya ina makabila 42. Tuliikariri hesabu hiyo pamoja na jedwali la kuzidisha, wala hapana mwalimu aliyetuambia ni nani aliyehesabu, na siku gani. Kisha mwaka 2017 Serikali ikasema Wamakonde ni kabila la 43, na mwezi wa Julai mwaka huohuo Wahindi wa Kenya wakaitwa la 44. Mwaka 2023 Wapemba nao wakakubaliwa. Mimi nauliza swali la mtu wa reli: ikiwa abiria alikuwamo ndani ya behewa tangu Mombasa, je, siku mkaguzi anapomwandikia tikiti ndiyo siku aliyopanda?

Chukueni hao Wahindi. Kati ya 1896 na 1901 waliletwa vibarua na mafundi wapatao 32,000 kuijenga reli ya kwanza, na karibu 2,500 wakafa katika kazi hiyo. Wengi wa waliosalia walirudi kwao, lakini maelfu walibaki, wakazaa hapa, wakazikwa hapa. Imewapasa wajukuu wao kungoja zaidi ya miaka mia kuitwa kabila la nchi hii, na hao angalau walikuwa na maduka na mawakili wa kuwasemea.

Wamakonde hawakuwa na duka wala wakili. Walitoka Msumbiji, wengi wao miaka ya 1930 na baadaye, wakaja kukata mkonge na miwa huko pwani. Ni wafanya kazi kama sisi, tena wa kazi ngumu kuliko zetu. Uhuru ulipokuja 1963 mashamba yalijua majina yao yote katika daftari la mshahara, bali Serikali haikuwajua hata kidogo. Basi watoto wao wakakua bila kitambulisho. Na ninyi mwajua maana ya kukosa kitambulisho: huwezi kuandikwa kazi ya kudumu, huwezi kukatiwa NSSF, huwezi kufungua akaunti ya benki, na polisi akikusimamisha njiani huna la kumwonyesha. Oktoba 2016 wakafunga safari kutoka Kwale kuja Nairobi kumwona Rais, na mwanzoni mwa 2017 wakaanza kupewa vitambulisho. Washona, ambao wazee wao walitoka Zimbabwe, walingoja mpaka Desemba 2020 ndipo watu 1,670 miongoni mwao wakakubaliwa kuwa raia.

Watu wengine wanaposoma habari hizi husema, hayo ni mambo ya makabila, chama cha wafanya kazi kinaingiaje? Kinaingia kwa mlango wa mshahara. Mwajiri mwovu humpenda sana mtu asiye na karatasi. Humweka kibarua miaka kumi, hamkatii chochote, na siku akilalamika humwambia aende kushtaki, naye ajua vema kwamba mtu huyo anaogopa hata kuukaribia mlango wa ofisi. Na sisi wenye karatasi tukidai nyongeza, twaambiwa wako watu nje watakaofanya kazi hii kwa nusu. Watu hao wa nje ndio hao waliokosa jina katika orodha.

Desturi hii ya kumfunga mtu kazi yake na kabila lake katika karatasi moja si ngeni kwetu. Wazee wetu waliivaa shingoni. Kipande kilianza kutumika karibu na 1920, kikiwa katika kikebe cha bati, na ndani yake mliandikwa jina la mtu, kabila lake, alama za vidole, bwana wake na mshahara wake. Hapo mtu hakuulizwa, Wewe wajiitaje? Karani aliandika. Hesabu ya kwanza ya kweli ya Waafrika wa Kenya ilikuja baadaye, mwaka 1948. Kabla ya hapo Serikali ya wakoloni ilikisia tu, kwa kutazama kodi ya vibanda.

Tena majina yenyewe hayakai mahali pamoja. Mwaka 1969 Wanandi na Wakipsigis walihesabiwa mbalimbali, kila mmoja kabila lake. Mwaka 1979 wakaunganishwa na jamaa zao chini ya jina Kalenjin, jina lililoanza kuvuma miaka ya 1940 tu. Hapana mtu aliyehama, hapana aliyebadili lugha, lakini kwa mstari mmoja wa karani kabila kubwa likatokea katika vitabu. Sisemi kwamba Wakalenjin ni watu wa kubuniwa. Walijiunga wenyewe kwa sababu zao, na hiyo ni haki yao. Ninasema tu kwamba orodha ikiweza kukunjuliwa kwa wengi, isiwe ya chuma kwa wachache.

Kwa wachache ni ya chuma hasa. Watazameni Waogiek wa msitu wa Mau. Tume ya ardhi ya wakoloni, iliyoitwa Tume ya Carter, ilishauri mwaka 1933 kwamba hao iliowaita Wadorobo waingizwe katika makabila makubwa yaliyo karibu nao. Maana yake, wasiwe watu wenye nchi. Mwaka 2009 hesabu ilisema wao ni 78,691. Mwaka 2019 ikasema ni 52,596. Je, watu 26,000 walikufa? Hatukusikia mazishi hayo. Basi badiliko limo katika kuuliza, na kujibu, na kuandika. Mahakama ya Afrika huko Arusha iliamua Mei 2017 kwamba Waogiek ni wenyeji wa asili wa msitu ule, na Juni 2022 ikaamuru walipwe zaidi ya shilingi milioni 157 na wapewe hati ya ardhi yao. Novemba 2023 wengine wao walikuwa wakibomolewa nyumba tena. Na Katiba yetu ya 2010, ambayo ni njema kwa mengi, inapotaja jamii za asili husema ni zile zilizoshika maisha ya kuwinda na kukusanya vya porini. Haya, Mwogiek akija Nairobi akawa fundi wa injini pale karakana, jioni hiyo anakuwa nani? Mwingereza anayeendesha treni London haulizwi kama bado analima shayiri.

Hapa kwetu Mbotela twaishi ndani ya jawabu la swali hilo bila kulitambua. Mtaa huu umepewa jina la Tom Mbotela, kiongozi wa KAU aliyeuawa Novemba 1952. Ukoo wake ni wa Frere Town, Mombasa, mji uliowekwa na misheni ya CMS karibu na 1875 kwa ajili ya watumwa walioachwa huru. James Mbotela ndiye aliyeandika kitabu cha Uhuru wa Watumwa, kilichotoka mwaka 1934. Watu wale walikuwa Wayao, Wanyasa, Wamakua na wengine, waliokamatwa na kuvushwa baharini, wakashushwa pwani wakiwa na lugha moja tu ya kuwaunganisha, nayo ni Kiswahili. Tafuteni kabila lao katika zile 42. Lakini ni nani atakayesema Mbotela hakuwa mwenyeji wa Kenya, hali sisi sote twalala chini ya jina lake?

Agosti 2019 karani wa hesabu alipofika katika ploti yetu alimwuliza mtoto wa jirani kabila, mtoto akajibu, Mbotela. Watu wakacheka. Baba yake Mluo, mama Mkamba, mtoto hajafika kwao upande wowote. Karani alimwandika Mluo akaenda zake.

Wako wanaosema dawa ni kuacha kuuliza kabisa. Tanzania waliuliza kabila mara ya mwisho mwaka 1967, na amani yao twaiona. Rwanda, Wabelgiji waliandika kabila katika vitambulisho tangu miaka ya 1930, na mwaka 1994 kadi ile ikawa hati ya kufa kwa aliyesimamishwa kizuizini. Hoja hiyo ni nzito, nami naiheshimu. Lakini mtu mdogo asipohesabiwa, shule yake na zahanati yake vitapelekwa kwa aliyehesabiwa, maana fedha za kaunti hugawanywa zikifuata idadi ya watu. Wanubi wa Kibera walitiwa miaka mingi katika fungu la “wengineo”. Walipopata nafasi yao wenyewe mwaka 2009 waliandikwa 15,463. Wengi wao waliona hesabu hiyo ni ndogo mno, lakini angalau sasa ipo tarakimu ya kubishania. “Wengineo” haina wa kumshtaki.

Kwa hiyo nataka tawi letu lichukue neno hili katika mkutano. Hesabu ijayo yatazamiwa mwaka 2029. Mtu aandikwe kwa jina analojiita mwenyewe, hata likiwa mawili, hata likiwa jina la mtaa. Na kitambulisho kitolewe kwa kuzaliwa na kukaa, bila kuangalia kama kabila limo katika orodha. Februari 2025 Rais alitangaza kuondoa uchunguzi wa ziada waliokuwa wakifanyiwa watu wa Kaskazini wanapoomba vitambulisho. Tuulize huko Garissa na Wajir kama makarani wamelisikia tangazo hilo.

Wakati huohuo, kila mwanachama anayefanya kazi pamoja na kibarua asiye na kitambulisho, iwe karakana, bohari au njiani, amlete kwa katibu wa tawi. Aje na chochote alicho nacho: kadi ya kliniki, cheti cha ubatizo, barua ya shule, karatasi ya zamani ya mshahara wa baba yake shambani.