Tununue Mashini, Tusinunue Karatoni



Tangu komite ya wazazi itangaze ya kwamba itanunua ordinatere za shule, mabishano hayaishi, hata kwenye foleni ya maji. Wamoja wanataka portable mpya, zitokazo ndani ya karatoni. Wengine wanataka zile kubwa za mezani, okazioni za Ulaya. Nikiwa doyen nimesikiliza pande zote mbili, na sasa nasema langu. Sisi wa sita tutafanya Exetat tuondoke, na wengi wetu tulijifunza klavie kwa kuichora ndani ya kaye.

Kwanza habari ya etiketi. Muuzaji atakuonyesha alama ya "i5" na kukuambia, "Iko nguvu sana hii, kijana yangu." Sawa, lakini i5 gani? Kampuni ya Intel ilianza kutumia jina hilo 2009. i5-2400 ilitoka 2011, ina viini 4. i5-8500 ilitoka 2018, ina viini 6. Etiketi zinafanana, mashini hazifanani. Tazama tarakimu ya kwanza nyuma ya kistari: 2 ni kizazi cha pili, 8 ni kizazi cha nane. Jambo hili si la kujionyesha tu. Microsoft ilimaliza msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11, kwa mashini za Intel, inakubali hasa kuanzia kizazi cha nane. Kweli, ya zamani unaweza kuitia Linux bila kulipa kitu, nami siikatai. Lakini hapo iuzwe kwa bei ya uzee wake! Anayeuza kizazi cha tatu kwa bei ya cha nane anakula minervali ya mtoto wa mvuvi.

Sasa wale wa karatoni. Portable mpya za bei ya chini, nyingi zina Celeron N4020 au ndugu zake: viini 2, memory 4 GB ambayo mara nyingi imelehemiwa humo humo na haiongezeki. Weka kando yake portable okazioni iliyofanya kazi ya ofisi, kama vile ThinkPad T480 ya 2018. Ukiipata yenye i5-8250U, iko na viini 4, na memory yake unaifungua na kuiongeza kwa bisibisi. Tena ina betri mbili, moja ndani, moja ya kutoa. Mpya inanukia vizuri, nakubali. Harufu inaisha kwa juma moja.

Na betri kwetu si mchezo. Umeme wa Uvira unatoka Ruzizi, nao unajua kukatika katikati ya sentensi. Mashini ya mezani ikizimika, kazi yote imekwenda. Hesabu tena matumizi: i5-8250U imepangiwa wati 15, i5-2400 wati 95, na ya mezani bado inadai ekra yake. Mashini kumi namna hiyo ni mzigo gani kwa grupu, na esansi ni nani atalipa?

Mwalimu mmoja aliniuliza, "Na Raspberry Pi je?" Ni swali zuri. Raspberry Pi 400 ilitoka Novemba 2020 kwa dola 70, mashini na klavie kitu kimoja, memory 4 GB, na umeme inakula kidogo sana. Lakini ekra hakuna, betri hakuna, na bei hiyo ni ya kule: usafiri na duane bado. Mwaka 2025 kampuni ilipandisha bei za mashini zake kadhaa, sababu memory ilipanda duniani. Waliotengeneza Pi walichukua majina ya Model A na Model B kutoka BBC Micro ya Uingereza ya 1981. Nayo ile Model B ilianza kwa pauni 335, wakati ZX Spectrum ya 1982 ilianza kwa pauni 125. Hata hivyo shule nyingi za Uingereza zilichukua BBC Micro, serikali ikilipa nusu, sababu ilikuwa imara na ilikubali kuunganishwa na vyombo vingi. Kwa hiyo anayeniambia "rahisi njo bora" aulize kwanza Waingereza.

Upande wa mezani wana hoja moja yenye nguvu: portable inabebeka, hata na mwizi. Ni kweli. Basi kabati la chuma liingie katika hesabu tangu mwanzo, hata kama litatupunguzia mashini moja.

Ninaomba komite, kabla ya kulipa, itume mwalimu wa informatique na wanafunzi wawili, mvulana na msichana, wazunguke maduka. Waandike namba yote ya i5, memory, na disike kama ni SSD ao ya kuzunguka. Kila mashini waitoe kwenye umeme saa nzima waone betri imebaki asilimia ngapi. Bei waiulize mwisho.

Na ufunguo wa kabati? Biro ina haki ya kuandika barua zake, lakini pesa hii inachangwa kwa jina la wanafunzi. Ufunguo ukae kwa mwalimu wa informatique, na saa za kila darasa zibandikwe mlangoni.

Doyen wa wanafunzi, darasa la sita