Kompyuta mpya sawa, lakini ya zamani isizimwe kwanza

Ndugu wachimbaji, na ninyi mama wa kambi, wakubwa wa kampuni wametuambia ya kama wataleta kompyuta mpya ya kuhesabu masaa ya kazi. Sisi wa sendika hatukatai kompyuta. Tunakataa namna ya kuiingiza. Mara ya kwanza, ile ya zamani ilizimwa kwa siku moja tu, na mwisho wa mwezi ekipe ya usiku ikakuta masaa yake hayako kwenye karatasi ya mshahara. Kila ofisi ikatutuma kwa ofisi ingine. Watoto hawakuli maelezo.

Mtoto wa mwenzetu mmoja, anayesoma informatike, alituonyesha kama hata watengenezaji wa programu walipatwa na jambo la namna hii. Kuna mkusanyo wa maktaba za programu unaoitwa Boost. Ziko zaidi ya 150, za bure, wazi kwa wote, na wengi wanaozitunza wanajitolea tu. Lakini maandishi ya zingine peke yake hayatembei. Inaomba mfumo wa kuyajenga, sawa vile jiwe la shimoni haliwi shaba bila kupita kiwandani. Kiwanda cha Boost kinaitwa b2.

Mwezi wa 7 mwaka 2017, kamati iliyokuwa inaongoza Boost ikatangaza kwamba watahamia mfumo mwingine, CMake. Sababu haikuwa mbaya: CMake inajulikana na watu wengi, b2 na wachache. Lakini tangazo lilitoka juu, na mabishano makali yakafuata kati ya wale wanaofanya kazi yenyewe.

Mwisho wake? b2 haikuzimwa. Maktaba zikaongezewa njia ya CMake kidogo kidogo, na mpaka leo mifumo yote miwili inatumika. Wengine watasema hiyo ni kazi mara mbili. Ni kweli, inachosha. Lakini aliyetegemea mfumo wa zamani hakuamka asubuhi akakuta mlango umefungwa.

Sisi tunaomba mambo matatu. Kompyuta ya zamani na mpya zitembee pamoja miezi mitatu, hesabu zilinganishwe. Delege wa kila ekipe, hata ya usiku, aone hesabu hizo mbele ya siku ya mshahara. Na zikipishana, tulipwe kwa hesabu ya zamani mpaka kosa lipatikane.

Anayejitolea akichoka anaweza kuacha. Sisi hatuwezi, juu ya mshahara ndio unga, ndio masomo ya watoto. Kwa hiyo ahadi ya mdomo haitoshi, tunataka maandishi yenye sahihi. Kila mtu atunze karatasi zake za mshahara, asitupe hata moja. Siku ya kuhesabu, hizo ndizo zitatusemea.