Ukiongezewa presha ya tabo bila geji, umeuziwa sauti tu

Wadau, leo naongea na wenye pikapu za dizeli, na pia wale kama mimi ambao hatuna hata baiskeli lakini tukikaa kiti cha mbele tunapiga kelele, "Gusa hiyo kitu anko, gusa!" Sote tuna makosa. Sisi wa kiti cha mbele tuna zaidi.

Anko wangu ana Isuzu ya zamani, zile za pampu ya kawaida, hazina kompyuta ya kuamua mafuta. Hubeba nyanya kutoka upande wa Naivasha hadi Marikiti, mara tatu kwa wiki. Hiyo pikapu ndiyo karo ya binamu zangu wawili. Shida yake ilikuwa moja: ule mlima wa kutoka Kinungi hadi Flyover. Ikiwa imejaa kreti, hata malori yanampita. Mimi nikaona hapo kuna video, si uongo. Nikamwambia, "Anko, hii kitu inaongezwa tabo tu, inaruka."

Tukaenda kwa fundi. Akakaza fimbo ya westigeti, akafungua skrubu ya dizeli kwa pampu, kazi ya dakika ishirini. Akapiga resi, moshi mweusi ukafunika gereji nzima, tabo ikapiga filimbi, tukashangilia kama timu imefunga. Nilirekodi kila kitu. Kitu kimoja hakikuwa kwa hiyo video: geji. Fundi alipima kwa sikio.

Sasa skiza, kwa sababu hapa ndipo wengi tunadanganywa. Tabo ni feni mbili kwa shafti moja. Ya kwanza inasukumwa na moshi unaotoka kwa injini, ya pili inasukuma hewa ndani ya injini. Hiyo shafti inazunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, ikielea kwa oili nyembamba tu. Westigeti ni kilango kidogo: presha ikifika kiwango, kinafunguka ili moshi mwingine upite kando. Ukifupisha fimbo yake, kilango kinachelewa kufunguka, presha inapanda. Si uchawi, ni nati na spana.

Lakini dizeli haipati nguvu kwa hewa. Inapata kwa mafuta. Hewa kazi yake ni kuhakikisha hayo mafuta yameungua. Ukiongeza presha peke yake, utasikia filimbi tamu na gari litabadilika kidogo sana. Ukiongeza mafuta kupita hewa iliyopo, unapata ule moshi mweusi tunaoweka kwa stori zetu na moto juu yake. Ule moshi si nguvu, maze. Ni dizeli umenunua kwa pesa yako halafu haikuungua vizuri, ukairusha kwa uso wa mtu wa boda. Na ndani kule joto linapanda. Pistoni nyingi za pikapu ni alumini, na alumini huyeyuka kwa nyuzi 660. Kinachoziokoa ni oili na maji vinavyoondoa joto kabla halijafika huko. Ukipanda mlima mrefu na mzigo, mguu umelala chini, unaviomba miujiza.

Halafu kuna hii ya kwetu kabisa. Tunatazama video za watu walio karibu na bahari tunaiga namba zao. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu. Hewa hapa ina presha ya psi 12 hivi, wakati Mombasa ni 14.7. Kwa hivyo ukitaka psi 15 juu ya hiyo, tabo ya Mombasa inakandamiza hewa mara mbili tu, ya Nairobi zaidi ya mara mbili na robo. Ili ifanye hivyo lazima izunguke kasi zaidi. Na Flyover ni juu zaidi ya Nairobi. Yaani mahali anko alihitaji nguvu ndipo pale tabo yake ilikuwa inateswa zaidi, na mafuta yaliyoongezwa yalikuwa yanakosa hewa zaidi.

Ilishika wiki mbili. Safari ya tano nilikuwa ndani. Tulipokaribia Flyover ile filimbi ikageuka ikawa kama chuma kinasagwa. Moshi ukatoka, si mweusi, mweupe wa kuelekea bluu, hadi barabara nyuma yetu ikapotea. Anko akakanyaga klachi asimame kando. Injini badala ya kutulia ikapanda resi yenyewe. Akazima kwa ufunguo. Haikuzima.

Sikuwa najua kama hiyo kitu inawezekana. Shafti ya tabo ilikuwa imekufa, oili ikawa inavutwa kuingia kwa injini, na dizeli haichagui, inachoma oili vilevile. Ufunguo unakata dizeli ya tanki, haukati oili. Anko aliweka gia ya tano, akakanyaga breki kwa nguvu zake zote, akaachilia klachi. Gari likatikisika likanyamaza. Kama unaendesha dizeli ya gia za mkono, hiyo uiweke kichwani. Kisha akaniambia, polepole tu, "Kijana, shuka uweke mawe kwa magurudumu." Hakusema kitu kingine mpaka jioni.

Nyanya ziliuzwa hapo kando ya barabara kwa bei ya kuonea huruma. Gari lilikaa wiki tatu bila kazi.

Sasa mtu ataniambia nimekuwa mzee, naogopa tabo. Hapana. Presha inaweza kuongezwa, na ikiongezwa kidogo kwa kipimo, pamoja na mafuta yanayolingana, gari linapanda vizuri. Ninachokataa ni fundi anayekaza nati bila kujua alikuwa namba gani na amefika namba gani. Geji ya presha ni bei ya raba nzuri za Gikomba. Geji ya joto la moshi inagharimu zaidi, na ndiyo itakuambia ukweli ukiwa mlimani: ikipita nyuzi 700 na inaendelea kupanda, inua mguu, teremsha gia, acha lori likupite. Aibu haiyeyushi pistoni. Kabla ya yote hayo angalia kichujio cha hewa na mipira ya paipu. Ya anko, fundi wa pili alikuta mpira mmoja umepasuka kitambo, presha inavujia hapo. Yaani labda hatukuhitaji kuongeza chochote. Hiyo ndiyo inaniuma zaidi ya yote.

Na wenye pikapu mpya za kompyuta, msicheke. Yenu ina sensa ya presha. Ikizidi, kompyuta inakata nguvu mnabaki mkitambaa, na hiyo ni heri. Kuna wale wanawauzia kiboksi cha kudanganya hiyo sensa. Muulize anayekiuza atafanya nini tabo ikivunjika, halafu uangalie macho yake.

Siku hizi Isuzu iko na geji mbili juu ya dashibodi, zimefungwa na waya na gundi, hazipendezi hata kidogo. Presha ilirudishwa kama ya kiwandani. Anko bado anapitwa na malori pale Kinungi. Mimi namlipa nusu ya pesa ya tabo kidogo kidogo kila nikipata kazi ya kurekodi harusi, nimebakisha elfu kumi na nne.