Kushua Programu: Neno Lililosahaulika Ufukweni

Mjadala wa istilahi za kompyuta katika Kiswahili umekuwa, aghalabu, mjadala wa majina ya vifaa. Tarakilishi au ngamizi? Rununu au simu ya mkononi? Wino mwingi umemwagwa juu ya nomino, ilhali vitenzi, yaani yale ayatendayo mtaalamu wa kompyuta kutwa kucha, vimeachwa vijitafutie riziki.

Chukulia vijana watatu wenye uraibu mmoja: wa kwanza yuko Kilifi, wa pili Watamu, wa tatu Malindi. Katika saa zao za mapumziko wanaunda programu ya wavuti ya kuwaarifu wavuvi nyakati za maji kupwa na kujaa. Wameigawa katika huduma ndogondogo: moja hutunza orodha ya watumiaji, nyingine hukokotoa nyakati za maji, ya tatu hutuma ujumbe. Kila huduma hujitegemea, hivyo yule wa Watamu aweza kuirekebisha yake bila kuwasimamisha wenzake. Siku ya kuitoa kazi hiyo kwenye kompyuta zao na kuiweka katika seva ili itumike, vijana hao, wapwani wote watatu, hukimbilia kitenzi cha Kiingereza. "Kuweka" ni pana mno. "Kuzindua" ni sherehe ya mara moja.

Neno lipo. Chombo kilichoundwa ufukweni hushuliwa. Wala hakishuliwi siku ya kwanza tu: jahazi hupandishwa pwani, likatiwa kalafati, likapakwa deheni, kisha likashuliwa tena. Programu nayo hurekebishwa na kurudishwa kazini, pengine mara kadhaa kwa siku. Hapo ndipo "kushua" kunapoishinda "kurusha", ingawa pwani hiyohiyo ilishuhudia setilaiti iitwayo Uhuru ikirushwa kutoka jukwaa la San Marco, karibu na Malindi, tarehe 12 Desemba 1970. Kilichorushwa hakirudi kupakwa deheni.

Wageni wametangulia kuchota baharini. Docker, iliyotolewa mwaka 2013, huifungasha kila huduma pamoja na mahitaji yake kwa mfano wa makasha ya bandarini. Kubernetes, iliyotangazwa na Google mwaka 2014, huyasimamia makasha hayo, na jina lake ni la Kiyunani: mshika usukani. Hadi Uyunani! Malindi, alikopata Vasco da Gama rubani wa kumvusha hadi Bara Hindi mwaka 1498, haina haja ya kwenda mbali hivyo. Isitoshe, "kupakia" na "kupakua", maneno ya shehena, yamekwisha kuzoeleka kwa watumiaji wa intaneti.

Watakuwapo wa kupinga kwamba "kushua" ni geni kwa mwanafunzi wa bara, na kwamba hata Kilifi kijana hulikuta kamusini. Hoja hiyo ina uzito, lakini "tarakilishi" nayo ilikuwa ngeni kwa kila mtu ilipobuniwa. Hatari kubwa zaidi ni kuilazimisha sitiari: si kila hitilafu ni dhoruba, wala si kila seva ni bandari.

Kwa hiyo neno lipimwe kazini. Katika Chuo Kikuu cha Pwani, Kilifi, wanafunzi wa Kiswahili na wa kompyuta hupishana njiani kila siku. Wakikaa pamoja kuandika mwongozo wa kurasa mbili tu wa kushua huduma moja, watajua mapema kuliko kongamano lolote ni maneno yapi yanayokaa mdomoni.