Kalamu ya maji isikuzuge!

Wiki hii nawasalimu kutoka Nyololo, huku Mufindi, baridi kali na bahari iko mbali kichizi. Lakini hata huku kuna kijana kaniuliza habari za kufuga samaki wa baharini sebuleni, kwenye tangi la kioo. Raha yake siikatai. Kinachoingiza watu mjini ni ile kalamu ya umeme ya kupimia maji.

Sikia bwana. Maji ya bahari yana chumvi kama gramu 35 kwa lita, yaani sehemu 35,000 katika milioni. Kalamu nyingi za bei poa mwisho wake haufiki 10,000. Sasa hapo itapima nini?

Ya kupimia uchachu, yaani pH, nayo huyumba kadiri siku zinavyokwenda. Kabla hujaiamini, ichovye kwenye maji maalumu ya pH 7, halafu ya pH 10. Isiposoma hivyo, irekebishe. Na ncha yake isikauke, ikikauka inaongopa.

Kubwa zaidi, zote mbili hazioni amonia, sumu anayoitoa samaki mwenyewe. Kalamu inakwambia shwari, kumbe samaki wanaelea tumbo juu! Amonia ipime kwa dawa ya matone, ile inayobadili rangi ya maji.

Kwa hiyo mshikaji, mshiko ukiwa mdogo, nunua matone kwanza. Kalamu baadaye, samaki mwisho kabisa.