Dawa ya Deni ni Kulipa: Nani Alipe, na Lini?

Wahenga walisema dawa ya deni ni kulipa. Methali hii hufundishwa tangu shule ya msingi, na wanafunzi huikariri bila kuiuliza swali, maadamu inaonekana kujitosheleza. Hata hivyo, anayeitazama kwa jicho la mwanaisimu ataona kwamba kitenzi "kulipa" kimeachwa humo bila mtenda na bila wakati. Katika jamii ambamo mdai na mdaiwa walijuana kwa majina, na fedha zilipita kutoka mkono hadi mkono, upungufu huo haukumdhuru mtu. Katika mikopo ya magari ya siku hizi, ambamo pengine anayelipa si yule aliyekopa, upungufu huo una gharama, na aghalabu gharama yenyewe humwangukia asiyestahili kuibeba.

Mfano ulio bayana unatoka Marekani. Mnamo tarehe 18 Septemba 2015, shirika la serikali linalosimamia mazingira nchini humo lilitangaza kwamba kampuni ya Volkswagen ilikuwa imetia katika magari yake ya dizeli programu ya kutambua wakati gari linapopimwa, ili moshi wa sumu upunguzwe wakati huo tu. Barabarani, baadhi ya magari hayo yalitoa oksidi za nitrojeni hadi mara 40 ya kiwango kilichoruhusiwa. Tarehe 25 Oktoba 2016, Jaji Charles Breyer wa San Francisco aliidhinisha mapatano yaliyohusu takriban magari 475,000 yenye injini ya lita 2. Mwenye gari alipewa hiari: ama gari lirekebishwe, iwapo marekebisho yangekubaliwa na serikali, ama alirudishe kwa kampuni na kulipwa thamani liliyokuwa nayo kabla ya kashfa kufichuka, pamoja na fidia isiyopungua dola 5,100 kwa yule aliyelimiliki tangu kabla ya tangazo lile. Aliyekuwa bado na mkopo wa gari hakusahauliwa. Kampuni ingemlipa mkopeshaji kwanza, kisha baki apewe mwenye gari. Na ikiwa deni lilizidi malipo aliyostahili, kampuni ingelibeba hadi asilimia 130 ya malipo hayo.

Yakisomwa karatasini, mapatano hayo ni ya haki, na pengine ya ukarimu. Tatizo limo katika siku zinazofuata baada ya ufunguo kukabidhiwa. Siku hiyo mwenye gari hutia sahihi, huacha ufunguo mezani na kurudi nyumbani kwa gari la jamaa au kwa basi. Magari mengi yaliyorudishwa yalipangwa safu kwa safu katika maegesho ya uwanja wa Silverdome mjini Pontiac, Michigan, yakanyeshewa na kuangukiwa na theluji. Gari limekwisha kufika mahali pa kupumzikia, ilhali deni lake lingali hai.

Sarufi ya Kiswahili inaweza kulieleza jambo hili vizuri kuliko lugha ya mahakama. Chukua sentensi "Deni limelipwa." Kiambishi -me- kinadai kwamba tendo limetimia. Lakini limetimia kwa nani? Kwa kampuni, deni limelipwa siku hundi ilipotumwa. Kwa mkopeshaji, limelipwa siku fedha zilipoingizwa katika hesabu ya mkopo. Kwa mwenye gari, limelipwa siku anapopokea barua kwamba hadaiwi tena. Sentensi ni moja, nayo ni kweli mara tatu kwa tarehe tatu mbalimbali. Katikati ya tarehe hizo riba huendelea kuzaliwa kila uchao, kwa kuwa mikopo mingi ya magari huhesabiwa riba kwa siku.

Tuseme deni lililobaki ni dola 15,000 na riba ni asilimia 6 kwa mwaka. Kila siku ya kuchelewa huongeza takriban dola 2.47. Siku 20 zikipita, zimeongezeka karibu dola 49. Huenda msomaji akasema kwamba hizo ni senti tu kwa mtu aliyelipwa fidia ya maelfu. Ni kweli kuwa si nyingi. Lakini kiasi cha kufunga mkopo hukokotolewa hadi tarehe fulani; fedha zikifika baada ya tarehe hiyo zitakuwa pungufu, na kwa ajili ya dola chache hesabu nzima inaweza kubaki wazi. Wakati huo huo siku ya malipo ya mwezi huwadia. Mwenye gari akilipa, analipia gari asilokuwa nalo na huenda akasubiri wiki kadhaa kurudishiwa ziada. Asipolipa, na siku 30 zikapita, mkopeshaji anaweza kumripoti kuwa amechelewa, na doa la namna hiyo laweza kukaa katika taarifa zake za ukopaji hadi miaka saba. Fauka ya hayo, huu ndio wakati hasa anaotafuta mkopo mwingine wa kununulia gari la kwendea kazini, na benki mpya inapochungulia taarifa zake inakuta mkopo wa zamani ungali umesimama.

Washauri wa mambo ya fedha husema: endelea kulipa mpaka upate barua. Ni ushauri wa busara, wala hakuna sababu ya kuubeza. Ila unamgeuza aliyedanganywa kuwa mdhamini wa aliyemdanganya.

Kiswahili kina neno ambalo lingefaa sana hapa, nalo ni hawala. Leo wengi huielewa hawala kama njia ya kutuma fedha, na kwa hakika hayo ni mojawapo ya matumizi yake. Katika fikihi, hata hivyo, hawala ni kuhamisha deni kutoka dhima ya mdaiwa mmoja hadi dhima ya mwingine. Kwa mujibu wa madhehebu ya Shafii, yaliyoenea zaidi katika upwa wa Afrika Mashariki, mdai sharti aridhie, na yule anayehamishiwa deni awe naye anadaiwa na mdaiwa wa kwanza. Hawala ikishatimia, mdaiwa wa kwanza yu huru. Mdai hana tena haki ya kumgongea mlango.

Tazama jinsi kisa cha magari kinavyolingana na umbo hilo. Kampuni inadaiwa na mwenye gari. Mwenye gari anadaiwa na mkopeshaji. Kinachokosekana ni ridhaa ya mkopeshaji kumwachilia mdaiwa wake. Sheria ya Marekani nayo haimlazimishi kufanya hivyo: ahadi ya mtu wa tatu kulipa haimfungui mkopaji mpaka mkopeshaji akubali, au fedha zifike.

Mkopeshaji hapaswi kulaumiwa kupita kiasi. Si yeye aliyeunda injini, na hawezi kuombwa asamehe riba ya fedha ambazo hajazipokea. Anayepaswa kubanwa ni mtengenezaji. Yeye ndiye aliyesababisha urudishaji wenyewe, ndiye aliyekwisha kupokea gari, na ndiye pekee awezaye kuharakisha malipo. Kwa mwenye gari, kila siku ya kuchelewa ni hasara. Kwa mtengenezaji ni siku moja zaidi ya kukaa na fedha zake. Mradi mambo yako hivyo, hana sababu ya kukimbia.

Msomaji wa Kenya hahitaji kusafiri hadi Michigan ili kulielewa hili. Mwalimu ambaye benki imenunua mkopo wake kutoka chama cha akiba na mikopo anaujua wasiwasi wa kuifungua stakabadhi ya mshahara mwisho wa mwezi, akihofia kukuta makato mawili kwa deni moja. Huko nako kila upande husema "limelipwa", na kila upande huwa na tarehe yake.

Kwa hiyo katika mapatano ya kurudisha magari, na katika mikataba ya kununuliana mikopo, sentensi "deni litalipwa na kampuni" haitoshi, hata kama mtenda ametajwa. Sharti iandamane na nyingine: kuanzia saa ya kukabidhi ufunguo, riba yote pamoja na malipo ya mwezi yatakayowadia ni juu ya kampuni, mpaka mkopeshaji athibitishe kwa maandishi kwamba hadai kitu, na mwenye gari apewe nakala ya uthibitisho huo.