Catch ya Marekani: mshindani mpya ataongeza mshahara?

Mwaka 2001 WWE ilinunua WCW, mshindani wake mkubwa. Tangu hapo, mpiganaji wa catch huko Marekani alibaki na karibu mlango mmoja tu wa kupata pesa nzuri. Akikataa bei ya patroni, aende wapi?

Mwaka 2019 Tony Khan, mtoto wa tajiri Shahid Khan, alianzisha AEW. Jon Moxley, aliyekuwa bingwa wa WWE kwa jina la Dean Ambrose, mkataba wake ulipoisha akahamia kule mwaka ule ule. Patroni anayeogopa kunyang'anywa mtu, analipa zaidi.

Lakini pesa ya nyota si haki ya wote. WWE inahesabu wapiganaji kama watu wanaojitegemea, si waajiriwa. Bima ya afya, kila mutu ajitafutie. Hata hoteli na gari za safari, wengi walijilipia. Mwaka 1986 Jesse Ventura alijaribu kuunda sendika, haikusimama.

Ushindani unampa nguvu yule anayeitwa na pande mbili. Asiyeitwa na mtu anabaki na mgongo wake unaouma. Huyo, patroni wa pili hamtoshi: inapashwa sheria ao sendika.